Haki ya Kuvunja Mkataba, na Namna ya Kuuvunja (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi nchi mbili zinavyowekeana saini kulinda mitaji ya raia wao. Leo tuchukue kesi ya maji ya Dar es Salaam, ambayo naamini kila kiongozi anayeapishwa kushika wizara angepaswa kuisoma kabla hajasimama mbele ya kipaza sauti.

Agosti 2003 kampuni ya City Water ilianza kuendesha huduma ya maji jijini, kwa mkataba wa miaka 10 na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Asilimia 51 ya hisa zilikuwa mikononi mwa Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani. Zilizobaki zilikuwa za mbia wa Kitanzania. Kazi ikawashinda. Makusanyo ya ankara hayakufikia yale waliyoyaahidi kwenye zabuni, na malipo ya DAWASA yakalimbikizwa. Sababu za kuvunja mkataba zilikuwepo, tena nzito, na Mei 2005 notisi ikatolewa.

Lakini notisi ina muda wake. Kabla muda huo haujaisha, waziri alitangaza hadharani kwamba mkataba umekwisha. Msamaha wa VAT ukaondolewa. Tarehe 1 Juni ofisi zikachukuliwa, na wakuu wa kampuni wakakamatwa, wakapelekwa uwanja wa ndege na kuondoshwa nchini siku hiyohiyo. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu mkataba ufike kikomo kwa taratibu zake wenyewe!

Mgogoro ukaamuliwa mara mbili. Mkataba wa kampuni na DAWASA ulisikilizwa na wasuluhishi jijini London, na DAWASA ikashinda. Shauri la pili lilikuwa dhidi ya dola yenyewe, mbele ya ICSID, kituo cha usuluhishi kilicho chini ya Benki ya Dunia. Huko Tanzania ilishtakiwa kwa mkataba wake na Uingereza wa mwaka 1994. Julai 2008 wasuluhishi walitamka kwamba Tanzania ilikiuka mkataba huo: ilitwaa mali ya mwekezaji na haikumtendea kwa haki. Hata hivyo hawakuiamuru kulipa hata senti, kwa kuwa kufikia siku ofisi zilipochukuliwa City Water haikuwa na thamani yoyote ya kufidiwa.

Wengi walishangilia wakidhani tumeshinda. Sikubaliani nao. Tuliponea kwenye ufukara wa kampuni, wala si kwenye usahihi wa mwenendo wetu. Mwenye mali inayohesabika hatoki mikono mitupu.

Tukayaona hayo Ntaka Hill, kwenye nikeli ya Nachingwea. Mwaka 2018 leseni hodhi za madini zilifutwa kwa kanuni mpya. Kampuni ya Indiana Resources na wenzake, waliopoteza leseni ya Ntaka Hill, wakafungua shauri kwa mkataba uleule wa 1994, na Julai 2023 Tanzania ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 109. Mwaka uliofuata pande mbili zilipatana kwa dola milioni 90.

Wapo wanaosema dawa ni kujitoa kwenye mikataba hii. Ule wa Uholanzi tuliukatisha Aprili 2019, ila una kifungu kinachowalinda waliowekeza kabla ya hapo kwa miaka 15 zaidi. Hao wanaweza kutushtaki hadi 2034.