Kadi ya njano ambayo kila mchezaji anaitaka

KWENYE soka, kadi ya njano ni balaa. Beki akiipata dakika ya 20, kocha anaanza kuangalia benchi ana nani. Lakini kuna mchezo mmoja ambao kadi ya njano ndiyo mkombozi, na bila hiyo watu wawili wa timu moja wanaweza kununiana usiku kucha.

Mchezo wenyewe ni briji. Wanacheza watu wanne, wawili kwa wawili, na wenzi wanakaa wakitazamana. Karata 52 zinagawanywa, kila mmoja anapata 13. Kama umewahi kucheza karata za turufu kijiweni, basi nusu ya safari umeshaimaliza: mwenye karata kubwa au turufu ndiye anayekula, na mizunguko iko 13.

Usiudharau kwa sababu watu wamekaa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua mwaka 1999, na kwenye Michezo ya Asia ya mwaka 2018 kule Jakarta, briji iligawa medali. Dhahabu ya wanaume wawili wawili ilikwenda India, kwa Pranab Bardhan aliyekuwa na miaka 60 na Shibnath Sarkar aliyekuwa na 56. Kwenye soka, umri huo ni wa bonanza la maveterani tu.

DAU LINAPANDA

Kinachoitenga briji na karata za kijiweni ni mnada. Kabla ya kucheza, watu wanapandisha dau kama klabu mbili zinazomgombea straika mmoja. Unaposema "kopa 4" maana yake ni kwamba kopa ndiyo turufu, na wewe na mwenzako mtakula mizunguko 10, yaani 6 ya msingi na 4 ya juu yake. Dau la mwisho ndilo linakuwa mkataba.

Mkataba mdogo una hasara yake. Kwenye mgawo wenye bonasi ya chini, ukikomea kopa 2 halafu ukala mizunguko 10, unapata pointi 170. Ukithubutu kusema kopa 4 na ukala mizunguko hiyo hiyo 10, unavuna 420. Karata ni zile zile, kilichobadilika ni mazungumzo.

Tatizo ni kwamba karata za mwenzako huzioni, na huruhusiwi kumuuliza. Lugha pekee mliyonayo ni hayo madau, kwa hiyo lazima kila dau libebe ujumbe ambao nyote mnauelewa vile vile.

DAKIKA TANO ZA KUFAHAMIANA

Kuna wenzi ambao hilo kwao si kazi. Wamarekani Jeff Meckstroth na Eric Rodwell walianza kucheza pamoja miaka ya 1970, na makubaliano yao yamejaza mamia ya kurasa. Hao ni kama winga na straika waliokulia mtaa mmoja.

Lakini wachezaji wengi wa klabu hawana bahati hiyo. Mtu anafika peke yake, anapangiwa mwenzi asiyemjua, na mchezo unaanza baada ya dakika tano. Ni kama timu ya taifa inayokusanyika siku mbili kabla ya mechi. Kocha mwenye akili hafundishi kona za aina kumi, anachagua mbili na kuhakikisha kila mtu amezielewa.

Hapo ndipo inapoingia kadi ya njano. Shirikisho la briji la Amerika Kaskazini, ACBL, liliandaa mfumo wa mnada kwa ajili ya mashindano ambayo kila mtu alitakiwa kutumia mfumo mmoja, na likauchapa kwenye karatasi ya njano. Jina lake ni Standard American Yellow Card. Ilipokuja intaneti na watu wa nchi tofauti wakaanza kucheza pamoja, mfumo huo ukawa lugha ya wageni.

Mambo yake ya msingi yanashikika. A ni pointi 4, K ni 3, Q ni 2 na J ni 1, jumla 40 kwa karata zote. Ukifungua kwa kopa 1 au shupaza 1, una angalau karata 5 za aina hiyo. Ukisema bila turufu 1, una pointi 15 hadi 17 na karata zimesambaa vizuri. Kopa 2, shupaza 2 au uru 2 ni za mtu dhaifu mwenye karata 6 za aina hiyo. Pau 2 ni king'ora: huyu amejaa pointi.

MTEGO WA KUOTEA

Sasa tazama inavyoweza kuharibika. Mwenzako amefungua kwa bila turufu 1. Wewe una pointi 10, kopa 5 na uru 2. Kwa kadi ya njano unasema "uru 2", na ujumbe wake hauhusu uru hata kidogo. Unamwambia mwenzako ana kwa ana: nina kopa 5, zitaje wewe. Anasema kopa 2, unajibu bila turufu 3, naye akiwa na kopa 3 anamalizia kwa kopa 4. Kazi imekwisha.

Lakini kama hamkukubaliana, yeye anadhani una uru nyingi na huna nguvu. Anasema "pasi", ambayo kwenye briji ni kunyamaza. Mmebaki na uru kama turufu, wewe 2, yeye 3, wapinzani 8. Ni beki mmoja kupanda kutega mtego wa kuotea huku mwenzake amebaki nyuma. Straika anakwenda kumsalimia kipa.

Ndiyo maana wazoefu wanasema mbinu tano mnazozielewa nyote ni bora kuliko ishirini anazozijua mmoja.

MIGUU MARUFUKU

Makubaliano hayo si siri. Mpinzani ana haki ya kuuliza maana ya dau lolote na kujibiwa ukweli. Ishara za pembeni ndizo haramu. Kwenye fainali za dunia za mwaka 1975 kule Bermuda, Waitaliano Gianfranco Facchini na Sergio Zucchelli walionekana wakigusana miguu. Juu ya meza kulishakuwa na pazia la kuwatenganisha wenzi, ikabidi na chini ya meza kuwekwe kizuizi. Wao wakaambulia onyo.

Hiyo sasa ndiyo kadi ya njano ya uwanjani. Ile nyingine inaulizwa kwa hiari kabla karata hazijagawanywa, na mgeni akijibu kuwa anaijua, mnatumia dakika zilizobaki kukubaliana yale machache tu ambayo hayamo.