Aliyetembea Wenzake Wakikimbia: Le Mans 1969 na Somo la Mkanda wa Usalama

Saa nane mchana, Jumamosi ya tarehe 14 Juni 1969, katika mji wa Le Mans nchini Ufaransa, magari 45 ya mashindano yalikuwa yamepangwa mshazari upande mmoja wa barabara. Madereva wao walisimama upande wa pili, macho yao yote kwenye bendera. Bendera iliposhushwa walitimua mbio kuvuka barabara, kila mmoja akalirukia gari lake, akawasha injini na kuondoka kwa kishindo. Mmoja tu hakukimbia. Jacky Ickx, Mbelgiji mwenye umri wa miaka 24, alivuka barabara kwa mwendo wa kawaida kama mtu aendaye sokoni, akaketi, akafunga mikanda yake yote, ndipo akaondoa gari. Alikuwa wa mwisho.

Makala haya yanasimulia kwa nini alitembea, nini kiliwapata waliokimbia, na mashindano yale yaliishaje baada ya saa 24. Kisha yanaeleza jambo ambalo sisi tunaopokea majeruhi wa barabarani hulishuhudia kila wiki: namna ukanda mmoja wa kitambaa unavyoamua nani atarudi nyumbani na nani hatarudi.

Mahasimu watatu

Mashindano ya Saa 24 ya Le Mans yalianza mwaka 1923. Lengo lake lilikuwa kupima uimara wa magari pamoja na kasi yake. Mshindi ni gari lililokwenda umbali mrefu zaidi katika muda wa saa 24, usiku na mchana, madereva wakipokezana usukani. Kwa mtengenezaji wa magari, ushindi wa Le Mans ni tangazo lisilo na mfano, kwani huuambia ulimwengu kwamba chombo chake hakichoki.

Kuanzia mwaka 1960 hadi 1965, kampuni ya Ferrari ya Italia ilishinda kila mwaka. Mwaka 1963 kampuni ya Ford ya Marekani ilijaribu kuinunua Ferrari, lakini Enzo Ferrari akajiondoa katika mapatano dakika za mwisho. Henry Ford wa Pili akaamua kumshinda uwanjani. Ndipo likazaliwa gari la GT40, lililopewa jina hilo kwa sababu kimo chake kilikuwa inchi 40 tu, yaani zaidi kidogo ya mita moja. Mwaka 1966 magari ya Ford yalishika nafasi tatu za kwanza, na mwaka 1967 na 1968 Ford ikashinda tena.

Mwaka 1969 akajitokeza hasimu wa tatu. Porsche ya Ujerumani, ambayo ilikuwa haijawahi kupata ushindi wa jumla Le Mans, ilileta gari jipya, 917, lenye injini ya lita 4.5 na silinda 12. Kanuni zilidai kwamba magari 25 ya aina hiyo yatengenezwe ndipo yaruhusiwe kushindana. Mwezi Aprili 1969 Porsche iliyapanga yote 25 mbele ya wakaguzi. Lilikuwa gari lenye kasi ya kutisha, ila liliyumba sana katika mwendo mkubwa, hata madereva wazoefu wakaliogopa. Ford ya Ickx, kwa upande mwingine, ilikuwa imezeeka. Gari lilelile ndilo lililoshinda mwaka uliotangulia, na wengi waliona zama zake zimepita.

Mila ya kukimbilia gari

Kwa miongo kadhaa Le Mans ilijulikana kwa mtindo wake wa kuanza: madereva kukimbia kuvuka barabara. Watazamaji waliupenda mno. Ulikuwa na maana yake enzi ambazo magari hayakuwa na mikanda, lakini mikanda ilipoanza kufungwa katika magari ya mashindano, mtindo huo ukageuka mtego. Mikanda ya gari la mashindano huja kutoka mabegani, kiunoni na mara nyingine katikati ya mapaja; kuifunga vizuri huchukua muda, na pengine huhitaji msaada wa fundi. Dereva aliyetaka kuondoka wa kwanza hakuwa na muda huo. Wengine waliondoka bila kuifunga, wakajaribu kuifunga njiani katika barabara iliyonyooka ya Mulsanne, yenye urefu wa karibu kilomita 6, usukani ukishikiliwa kwa magoti. Wengine walisubiri hadi waliposimama kujaza mafuta.

Si kwamba Le Mans haikuwa imeonywa. Mwaka 1955, wakati Mercedes, Jaguar na Ferrari zikichuana, gari la Mercedes la Pierre Levegh liliparamia gari lililokuwa mbele yake, likaruka na vipande vyake vikaingia katikati ya watazamaji. Levegh na watazamaji zaidi ya 80 walifariki dunia. Baada ya msiba huo eneo la watazamaji na la mafundi lilijengwa upya. Hata hivyo mbio za kuvuka barabara ziliachwa kama zilivyokuwa.

Mwaka 1968 Mbelgiji mwingine, Willy Mairesse, aliondoka kwa pupa bila mlango wa gari lake kujifunga sawasawa. Mlango ulifunguka gari likiwa katika kasi, naye akapata ajali katika mzunguko wa kwanza. Aliumia vibaya, na safari yake ya mashindano ikaishia hapo. Mwaka uliofuata Ickx akaamua kuonyesha upinzani wake kwa vitendo: angetembea.

Dakika chache baada ya Ickx kuondoka, mashaka yake yalithibitika. John Woolfe, Mwingereza aliyeshiriki kwa gari lake binafsi la Porsche 917, alipoteza udhibiti karibu na mahali paitwapo Maison Blanche, mzunguko wa kwanza ukiwa haujaisha. Hakuwa amefunga mkanda. Gari lilivunjika, akatupwa nje, akafariki dunia. Tangi lake la mafuta liliangukia barabarani, likagongwa na Ferrari ya Chris Amon, ambayo iliwaka moto, Amon alinusurika. Hakuna awezaye kuapa kwamba mkanda ungemwokoa Woolfe, kwa kuwa ajali yenyewe ilikuwa kubwa mno. Lakini ni dhahiri kwamba sekunde chache alizookoa pale mwanzoni hazikumfaa kitu.

Saa 24 baadaye

Porsche 917 ya Vic Elford na Richard Attwood iliongoza kwa muda mrefu, ikaonekana ushindi umekwisha kupatikana. Zikiwa zimesalia takriban saa tatu, mfumo wa klachi na gia uliwaangusha. Wakabaki wawili: Ickx katika Ford kuukuu aliyoiendesha kwa zamu na Jackie Oliver, na Hans Herrmann, Mjerumani mwenye umri wa miaka 41, katika Porsche 908 ambayo breki zake zilikuwa zimechakaa. Katika saa ya mwisho walipitana tena na tena, mara nyingine zaidi ya mara moja katika mzunguko mmoja. Ickx alikuwa akimwacha mpinzani wake atangulie kwenye barabara iliyonyooka, akajificha nyuma yake mahali penye upepo hafifu, kisha akampita.

Ford ilimaliza ya kwanza. Baada ya safari ya karibu kilomita 5,000, tofauti kati ya magari hayo mawili ilikuwa takriban mita 120 tu. Aliyeondoka wa mwisho, kwa sababu alifunga mkanda, alifika wa kwanza.

Kisa hakikuishia hapo. Inasimuliwa kwamba Jumatatu asubuhi, Ickx akielekea Paris, gari jingine lilimwingilia njiani karibu na Chartres, na gari lake likapondeka kwenye nguzo. Alifungua mkanda akatoka mzima. Mwaka 1970 madereva wa Le Mans walianza wakiwa wameketi garini, mikanda imefungwa. Mila iliyodumu miaka mingi ilikwisha, na mashindano hayakupungua utamu hata kidogo.

Migongano mitatu katika ajali moja

Wataalamu wa majeraha hueleza kwamba kila ajali ya gari ina migongano mitatu. Kwanza, gari hugonga kitu. Pili, mwili wa abiria, ambao bado unakwenda kwa kasi ileile ya awali, hugonga usukani, dashibodi, kioo au kiti cha mbele. Tatu, viungo vya ndani hugonga kuta za mwili: ubongo hugonga fuvu, moyo na mshipa mkuu wa damu huvutwa kifuani, ini na bandama hupasuka.

Mkanda hauzuii mgongano wa kwanza. Kazi yake ni kupunguza makali ya huo wa pili na wa tatu. Humwezesha abiria kusimama pamoja na gari badala ya kusimamishwa na kioo, na hueneza nguvu kwenye mifupa imara ya nyonga, kifua na bega. Mtu aliye katika gari liendalo kilomita 72 kwa saa ana nguvu sawa na ya mtu anayeanguka kutoka kimo cha takriban mita 20, yaani kama kutoka ghorofa ya sita. Hakuna mikono ya binadamu iwezayo kuzuia mwili wenye nguvu hiyo.

Mkanda wa pointi tatu tunaoutumia leo ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mkanda hupunguza hatari ya kifo cha abiria hadi kufikia asilimia 50. Shirika hilo linakadiria kwamba watu takriban milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwamba ajali hizo ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Hoja tunazozisikia

Madereva wa mashindano wa zamani walikuwa na hoja yao: gari likishika moto, ni heri kutupwa nje kuliko kufungwa ndani. Hoja hiyohiyo husikika leo katika mabasi na teksi zetu. Ukweli ni kinyume chake. Ajali nyingi hazina moto wala maji, na anayetupwa nje hukabiliwa na lami, nguzo, magari mengine na hata gari lake mwenyewe. Hata pale panapotokea moto, aliyefunga mkanda ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki na fahamu, akaweza kujifungua na kutoka.

Wengine husema safari ni fupi, au kwamba kiti cha nyuma ni salama. Woolfe hakumaliza hata mzunguko mmoja wa kilomita 13. Na abiria wa nyuma asiyejifunga hurushwa mbele, akamjeruhi au kumuua aliyeketi mbele yake, hata kama huyo wa mbele amejifunga.

Namna ya kuufunga

Ukanda wa chini ukae juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo. Ukanda wa juu upite katikati ya bega na katikati ya kifua, usipite shingoni wala chini ya kwapa, na usiwe umejisokota. Mama mjamzito pia anapaswa kujifunga: ukanda wa chini upite chini ya tumbo, na ule wa juu upite katikati ya matiti kisha ubavuni mwa tumbo. Mtoto mdogo hapaswi kupakatwa mbele wala kufungwa mkanda mmoja na mzazi, kwani uzito wa mzazi utambana. Inapowezekana, akae nyuma katika kiti maalumu cha watoto kinacholingana na umri na kimo chake.

Kwa watumishi wa afya

Majeruhi wa gari anapoletwa, tuulize mapema maswali mawili: je, alikuwa amefunga mkanda, na je, alitupwa nje? Aliyetupwa nje achukuliwe kuwa na jeraha kubwa hadi ithibitike vinginevyo, hata kama anazungumza. Njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu vishughulikiwe mara moja, huku uti wa mgongo ukilindwa.

Aliyefunga mkanda naye asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa haraka. Michubuko inayofuata mstari wa mkanda tumboni ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito, kwani huweza kuambatana na kupasuka kwa utumbo au kuvunjika kwa pingili za mgongo. Maumivu ya utumbo uliopasuka huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Mgonjwa aangaliwe, tumbo lake lipimwe mara kwa mara. Michubuko ya shingoni itufanye tufikirie mishipa ya damu ya shingo. Majeraha haya si sababu ya kuulaumu mkanda: bila huo, wengi wa wagonjwa hao wasingefika hospitali wakiwa hai.

Katika stendi zetu, haraka ya kuondoka ni kubwa kama ile ya Le Mans. Makondakta huita, injini hunguruma, abiria hugombea viti, na mara nyingi gari huanza kwenda kabla ya mtu kukaa sawasawa. Abiria ana haki ya kuomba sekunde kumi za kutafuta mkanda uliozama kati ya viti na kuufunga. Ukikuta umekatika au haupo, mwambie dereva kwa heshima na bila kuona haya, na ukiweza, panda gari jingine.