Chuma chakavu: amri moja, ghala limefungwa

MFANYABIASHARA wa vyuma chakavu anayetazama bei ya kilo peke yake anatazama nusu ya soko. Nusu nyingine iko mikononi mwa Serikali, na Kenya ni mfano mzuri.

Januari 11, 2022, minara ya umeme kwenye njia ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, nchi ikaingia gizani. Januari 20, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku kununua, kuuza na kusafirisha nje vyuma chakavu, kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Biashara ilifunguliwa tena Mei 1, kwa masharti mapya.

Sheria ya kudai leseni ilikuwapo tangu 2015. Lakini marufuku haikuchagua: mwenye leseni na asiye nayo wote walifunga. Muokotaji alikosa mnunuzi, na mwenye ghala akabaki na fedha zilizolala katika lundo la chuma. Aliyenunua kwa mkopo ndiye aliyebanwa zaidi, maana riba haisimami kwa amri ya Rais.

Funzo kwa mwekezaji mdogo ni hili. Usilimbikize mzigo kwa fedha za kukopa. Andika jina la kila anayekuuzia na mali ilikotoka. Na ukiletewa nyaya za shaba au vipande vya mnara kwa bei ya kutupa, kataa: faida ya siku moja yaweza kufunga soko zima.