Saa tano imefika au saa tano zimepita?

Katika somo la tafsiri tulipewa habari fupi ya safari: London hadi Paris ni karibu kilometa 340 kwa mstari ulionyooka, na ndege huchukua saa moja na robo. Kalamu yangu ilikwama kwenye "saa moja na robo". Wenzangu walicheka. Hawakujua neno hilo lilitufanyia nini nyumbani.

Dada yangu alishikwa na uchungu wa mapema akiwa Ntoto, kwenye misitu ya kati ya Masisi na Walikale, ambako mgonjwa hutolewa kwa kubebwa kwenye kipoyi. Jioni binamu yangu akaniandikia: "Tunatoka kesho asubuhi. Mpaka barabarani ni saa tano." Nikamwambia dereva awe pale saa tano. Mvua iliwazuia, wakatoka saa tatu, wakafika saa nane. Dereva alikuwa amengoja hadi saa saba, akarudi. Dada alijifungulia kando ya barabara. Yeye na mtoto ni wazima, lakini kosa lilikuwa langu, msomi wa lugha.

Nomino "saa" imo katika ngeli ya i-/zi-, umoja na wingi sura moja. "Saa tano imefika" ni wakati. "Saa tano zimepita" ni muda. Upatanisho ndio unaotenganisha. Binamu aliandika "ni", na "ni" haibebi upatanisho wowote.

Je, angeandika kilometa? Zisingenisaidia. Kutoka Goma hadi Walikale, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilometa 130 tu, chini ya nusu ya London na Paris, na Ntoto iko katikati. Mstari huo hauna matope. Hata ndege haufuati kikamilifu: kwa mwendo wa kilometa 800 kwa saa, London hadi Paris ingekuwa chini ya nusu saa. Muda mwingine wote unaliwa na kutembea uwanjani, kupanda na kushuka.

Kati ya Goma na Kinshasa, ambako ni zaidi ya kilometa 1,500, mambo hujichanganya zaidi. Kabla uwanja wa Goma haujafungwa Januari 2025, abiria aliyeruka saa nne asubuhi alikaa hewani saa mbili na zaidi, akashuka Kinshasa saa ya ukutani ikisema saa tano na dakika kadhaa, kwa sababu Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Saa zilizopita na saa iliyofika hazikulingana.

Ndiyo maana sioni haya kuitetea "masaa", ambayo walimu wetu huipiga wino mwekundu. Kivu, "masaa tano" haiwezi kuwa wakati; ni muda tu. Wasemaji wameziba tundu ambalo ngeli iliacha wazi. Kwenye mtihani nitaandika "mwendo wa saa tano", ambayo ni safi na haina utata. Binamu yangu siku hizi huandika "masaa", nami simsahihishi.