Shule Ndani ya Merikebu: Je, Masomo Yake Yanahesabiwa?

Je, kijana anaweza kusoma mwaka mzima katikati ya bahari, na akirudi nyumbani asirudie darasa?

Jambo hili lipo. Huko Kanada, mpango uitwao Class Afloat ulianzishwa mwaka wa 1984. Vijana wa sekondari waliishi na kusomea ndani ya merikebu kubwa ya matanga, wakizunguka nchi mbalimbali. Tunalieleza hapa kwa sababu wazazi wengi huuza ng'ombe kulipia kozi, halafu cheti kinakataliwa. Hebu tuone ni nini hufanya masomo yakubaliwe.

KREDI NI NINI?

Kanada haina mtihani mmoja wa taifa kama KCSE. Kila jimbo lina utaratibu wake, na mwanafunzi hukusanya kredi. Kredi ni kipimo cha somo lililokamilika. Katika jimbo la Nova Scotia mtu anahitaji kredi 18 ili kumaliza sekondari, na kredi moja ni kama masaa 110 ya masomo. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa hivyo swali si umesomea wapi. Swali ni: Mtaala ni ule uliokubaliwa? Mwalimu amehitimu? Kazi imesahihishwa? Shule inayotambuliwa imeandika matokeo? Kama ni ndiyo, kredi ya baharini ni sawa na ya nchi kavu. Lakini kupanda mlingoti peke yake hakukupi kredi ya hesabu!

KAZI NA DARASA

Melini hakuna abiria. Mwanafunzi akitoka darasani anaingia zamu, mchana au usiku: kushika usukani, kuangalia mbele, kuvuta kamba, kusugua sitaha, kusaidia jikoni. Akizembea yeye, wenzake wanaumia. Karo nayo si mchezo, ni maelfu mengi ya dola kwa mwaka.

HATARI IKO

Tarehe 17 Februari 2010, merikebu ya mpango huo, Concordia, ilipinduka mbali na pwani ya Brazil. Ndani kulikuwa na watu 64, na 48 kati yao walikuwa wanafunzi. Walikaa kwenye mashua za mpira karibu siku mbili, mpaka meli za mizigo zikawaokoa. Wote 64 walipona. Walikuwa wamefanya mazoezi ya kuokoka, na kila mmoja alijua la kufanya.

Wachunguzi wa Kanada walitoa ripoti mwaka wa 2011. Walisema upepo ule haukuwa wa ajabu. Matanga hayakupunguzwa mapema, na maji yaliingia kupitia milango na madirisha yaliyokuwa wazi. Maelezo ya kuizuia meli isipinduke yalikuwemo melini, lakini afisa wa zamu hakuwa ameyazoea. Mnaona? Mwongozo ulio kabatini haumwokoi mtu.

KABLA YA KULIPA KARO

Iwe ni shule ya baharini au chuo cha ushonaji pale sokoni, ulizeni:

1. Nani anatoa cheti, na nani anakitambua? Kwa vyuo vya ufundi hapa Kenya, ulizeni TVETA. Msitosheke na tangazo la ukutani.
2. Kijana akitaka kuendelea mbele, ile shule nyingine itakubali masomo haya? Pateni jibu kwa maandishi.
3. Je, kazi za mikono zinafundishwa, ama mwanafunzi anatumiwa tu kama kibarua?
4. Kukitokea moto au ajali, wanafunzi wamefanya mazoezi? Mara ya mwisho ilikuwa lini?

Mzazi anayeuliza si mkorofi. Shule nzuri itamjibu bila kukasirika, na ile inayokasirika imeshajibu.

JADILINI KIKUNDINI: Ni nani kati yetu amelipia kozi ambayo cheti chake hakikukubaliwa? Angeuliza nini kwanza?