Usingizi Usio wa Kupumzika

Tuseme kijana wako amepanda chukudu iliyojaa viazi, anashuka kutoka Kibumba kuja Goma. Breki inashindwa. Anaanguka, na kichwa chake kinapiga jiwe la volkano. Anazimia kidogo, kisha anaamka na kusema, "Sina neno." Wote wanafurahi. Lakini jioni anasema kichwa kinamuuma sana, anatapika, halafu analala na kukoroma. Mama yake anasema, "Mwacheni apumzike."

Mama, huyo hapumziki. Huenda anakufa.

Kwa nini? Fuvu la kichwa ni kama chungu kigumu kilichofunikwa imara. Ndani yake mna vitu 3 tu: ubongo, damu, na maji ya ubongo. Chungu hiki hakipanuki. Mshipa ukipasuka, damu inakusanyika ndani, au ubongo wenyewe unavimba. Nafasi haipo, basi ubongo unabanwa. Damu safi haiwezi tena kuufikia vizuri. Mwisho unasukumwa chini, mahali panapotawala pumzi, na pumzi inakoma. Jambo hili laweza kutokea kwa saa chache tu.

Basi, mtu akipigwa kichwa akazimia, hata kwa kitambo kidogo, mleteni hospitali siku ile ile. Msingoje asubuhi. Dalili hizi pia ni za hatari: kutapika mara kwa mara, kichwa kuuma kuzidi, maneno ya kuchanganyikiwa, degedege, mkono au mguu kulegea, maji au damu kutoka puani au sikioni.

Njiani angalieni haya:

1. Msimkalishe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Mlazeni juu ya ubao au mlango, na mtu mmoja ashike kichwa ili shingo inyooke.

2. Akitapika, mgeuzeni ubavuni, kichwa na mwili pamoja, asipaliwe.

3. Msimpe chakula, maji, pombe, aspirini, wala dawa ya usingizi.

4. Msizibe sikio au pua inayotoa maji.

Hospitalini utaona muuguzi anamwamsha mgonjwa tena na tena, hata usiku, akimwuliza jina lake na mahali alipo. Usikasirike ukasema anamsumbua. Anahesabu. Tangu mwaka 1974 wauguzi wana kipimo kilichotengenezwa Glasgow na madaktari Teasdale na Jennett. Kufumbua macho kuna alama 4, kusema 5, kusogeza viungo 6. Jumla ni 15. Mwenye alama 8 au chini yake yumo katika hatari kubwa. Na aliyekuwa na 15 akishuka kufika 13, muuguzi anamwita daktari mara moja, ijapokuwa mgonjwa bado anazungumza. Tena anamulika macho kwa tochi: mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, ubongo unabanwa. Mapigo ya moyo yakienda polepole huku nguvu ya damu ikipanda, ni onyo lile lile.

Wewe jamaa wa mgonjwa, kazi yako ni hii. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30, ndiyo theluthi ya pembe mraba, ili damu ishuke kutoka kichwani. Usiweke mto unaokunja shingo. Kila saa 2 msaidie muuguzi kumgeuza, asipate vidonda vya mgongo. Usimtie uji kinywani mpaka muuguzi ajue kwamba anameza vema. Uji ukiingia mapafuni unaua. Wageni waingie wachache, tena kwa utulivu.

Kuomba ni vema, lakini ombeni macho yakiwa wazi. Akizidi kulala, akaamka kwa shida kuliko mwanzo, usiseme, "Nitamwambia muuguzi kesho." Nenda kamwite sasa.

Na wewe upandaye pikipiki kwenda sokoni Virunga au Birere, vaa kaske, uifunge kidevuni. Abiria naye avae. Wavaao kaske wamepungukiwa na majeraha ya kichwa karibu sehemu 7 katika 10. Ni rahisi kuinunua kaske. Fuvu halinunuliwi.