Umbali, Hewa na Lenzi ya Milimita 50

Ukipita Mugumu na kamera begani, swali ni lile lile: hiyo lenzi inafika wapi? Anayeuliza ana jibu lake tayari. Anaamini kwamba picha nzuri ya nyumbu wakivuka Mto Mara hutoka kwenye lenzi ya milimita 600, na asiye na fedha za kuinunua akae kando. Imani hii inawanyima vijana wa Serengeti na Tarime raha ya kupiga picha kwao wenyewe. Mimi natumia kamera ya zamani na lenzi ya milimita 50, na ninaipenda.

Nimepanga kuanza na lenzi, kisha mwanga, kisha watu.

Husemwa kwamba lenzi ndefu hubana mandhari, kwamba inakisogeza kilima cha nyuma hadi kimguse mnyama. Si kweli. Simama mahali pamoja, piga kwa milimita 50, kisha kwa milimita 400. Chukua kipande cha katikati cha picha ya kwanza, kikuze. Uwiano wa kilima na mnyama ni ule ule. Uwiano huo hupangwa na mahali uliposimama. Lenzi huamua tu ni sehemu gani ya mandhari iingie.

Tena kuna hewa, ambayo wauza kamera hawaitaji kabisa. Nenda Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, saa saba mchana mwezi Agosti. Ardhi imeshika moto, na hewa iliyo juu yake inapanda kwa mafungu, mengine ya moto zaidi, mengine yamepoa kidogo. Kila fungu hupinda mwanga kwa kiasi chake. Nyumbu aliye mita 500 unamwona kupitia mafungu hayo yote, ndiyo maana miguu yake inatetemeka na manyoya hayaonekani. Mgeni huilaumu lenzi, nayo ni nzima. Lenzi ndefu huyakuza mazigazi pamoja na mnyama, na kamera ya megapikseli nyingi huyarekodi kwa ustadi zaidi. Ukipiga juu ya boneti ya gari lililotoka kutembea, umeongeza joto la injini.

Hapa siwezi kuwapita Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, na mwanawe Michael. Mwaka 1958 walizunguka Serengeti kwa ndege ndogo aina ya Dornier, iliyopakwa milia ya punda milia, wakihesabu wanyama na kupiga filamu. Michael alifariki katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Ndege iliwapa faida juu ya hewa: anayetazama chini kutoka angani hulikata tabaka la hewa ya moto kwa njia fupi, ilhali aliye garini hulipitia kwa ulalo, nusu kilomita nzima. Hadi leo nyumbu wa Serengeti hukadiriwa kwa picha zinazopigwa kutoka kwenye ndege, kamera ikielekezwa chini. Wewe huna ndege, na kanuni za hifadhi zinakataza kuacha barabara, kwa hiyo usimsukume dereva wako. Fika mapema, subiri, na mnyama akiwa mbali mpige akiwa mdogo ndani ya nchi yake kubwa. Picha hiyo ni halali kabisa.

Mwanga nitaueleza kwa ufupi. Vitabu vya Ulaya huahidi saa nzima ya mwanga laini baada ya macheo. London, mwezi Machi, jua hupanda digrii 9 hivi kwa saa. Tarime haifiki digrii mbili kutoka ikweta: jua hupanda karibu wima, digrii 15 kwa saa. Nusu saa, basi.

Milimita 50 huonyesha raha yake sokoni Sirari, chini ya kivuli cha baraza. Lazima usogee karibu, na huwezi kumsogelea mzee bila shikamoo na bila kumwomba ruhusa. Pima mwanga usoni pake, kisha punguza kidogo, kwa sababu kipimo cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani na kitaupausha uso mweusi. Na hizo programu za simu zinazong'arisha ngozi, zifute. Zinaharibu kazi ambayo lenzi imeifanya sawasawa.